Mwanamke wa Kijijini Katika Filamu za India: Mwisho Wake Anauamua Nani?

P. K. Rosy alikuwa kibarua wa kukata nyasi huko Kerala, kusini mwa India, na pia alicheza michezo ya jukwaani. Mwongozaji J. C. Daniel alipotengeneza Vigathakumaran, filamu ya kwanza ya Kimalayalam, alimpa Rosy nafasi ya mhusika mkuu wa kike, mwanamke wa Kinair, yaani wa tabaka la juu. Rosy mwenyewe alikuwa Mpulaya, mmoja wa watu waliohesabiwa kuwa hawafai hata kuguswa. Filamu ilipoonyeshwa Thiruvananthapuram (wengine husema 1928, wengine 1930), watazamaji wa tabaka la juu hawakuvumilia kumwona mwanamke kama yeye akijifanya mmoja wao. Skrini ilipigwa mawe, nyumba ya Rosy ikachomwa moto, naye akakimbilia Tamil Nadu. Hakuigiza tena. Filamu yenyewe imepotea, na leo hakuna nakala inayojulikana.

Tangu wakati huo sinema ya India imerudi mara nyingi kwenye suala la mwanamke wa kijijini anayebanwa pande mbili, na wanaume kwa sababu ni mwanamke, na kijiji kizima kwa sababu ya tabaka alilozaliwa nalo. Sisi wa Afrika Mashariki tumekua na picha za Kihindi. Awaara na Mother India zilijaza kumbi za pwani enzi za wazazi na babu zetu, na leo tuna kibanda umiza na tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili. Nyimbo tunazijua, majina ya waigizaji tunayajua. Tabaka, ambalo mtazamaji wa kule huling'amua dakika za mwanzo, mara nyingi hutupita. Kwa hiyo tuanze hapo.

Tabaka hulindwa kwa ndoa

Tabaka tunalolizungumzia hapa halihusu utajiri na umaskini. Tajiri hufilisika na maskini hupata, lakini tabaka la India mtu huzaliwa nalo na hufa nalo. Juu kabisa wapo Wabrahmin, wenye kazi ya dini na elimu. Chini yao kuna ngazi nyingi za wapiganaji, wafanyabiashara, wakulima na mafundi, zilizogawanyika katika maelfu ya jamii ndogondogo. Nje ya ngazi zote wamewekwa Wadalit, waliopewa kazi zinazohesabiwa kuwa chafu, kama kuchuna ngozi, kuzoa kinyesi na kushughulikia mizoga. Sensa ya 2011 iliwahesabu kuwa zaidi ya milioni 200, karibu asilimia 17 ya watu wa nchi hiyo. Katiba iliyoanza kutumika 1950 ilipiga marufuku, katika ibara ya 17, desturi ya kuwatenga watu kwa madai kwamba hawagusiki. Mwaka 1989 ikaja sheria maalumu ya kuadhibu ukatili dhidi yao. Vijijini sheria hizo hufika kwa kuchelewa, na pengine hazifiki.

Mwanamke anaingiaje hapo? Bhimrao Ambedkar, Mdalit ambaye baadaye aliongoza kamati iliyoandika rasimu ya Katiba hiyo, alilieleza jambo hili mapema. Mwaka 1916, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, aliwasilisha andiko lake lililosema kwamba kinacholishikilia tabaka ni sharti la watu kuoana wenyewe kwa wenyewe. Sharti hilo halisimami bila kumbana mwanamke. Ndiyo maana, alieleza, zikawepo desturi za kumwoza mtoto, kumzuia mjane asiolewe tena, na hata kumchoma pamoja na maiti ya mumewe.

Ukilielewa hilo, filamu nyingi hufunguka. Mwanamume wa tabaka la juu akimwingilia mwanamke wa tabaka la chini, kijiji hufumba macho, maana mpaka wa ndoa haujaguswa. Binti wa tabaka la juu akimpenda kijana wa chini, damu humwagika. Tabaka na mfumo dume vinafanya kazi pamoja, na filamu inayoshughulikia kimoja na kusahau kingine huwa imesimulia nusu ya habari.

Tabaka linavyoonekana kwenye skrini

Mtazamaji wa India hahitaji kuambiwa mhusika ni wa tabaka gani. Jina la ukoo humtosha. Asipotajiwa jina, huangalia nyumba iko wapi, katikati ya kijiji au pembezoni kabisa. Huangalia nani ameketi juu ya kitanda cha kamba na nani amechuchumaa chini, nani amevua viatu kabla ya kupita mbele ya nyumba ya mkubwa, nani anateka maji mwenyewe kisimani na nani anasubiri amiminiwe kutoka juu ili asiguse chombo. Kwenye kibanda cha chai huangalia kama vikombe ni vya aina moja.

Ankur ya Shyam Benegal (1974) imejengwa juu ya ishara za namna hiyo. Surya, mtoto wa kabaila, anatumwa na baba yake kwenda kusimamia shamba katika kijiji cha Telangana. Nyumbani anamkuta mtumishi, Lakshmi, mwanamke wa tabaka la chini aliyeolewa na mfinyanzi kiziwi asiyeweza kusema. Surya anamwambia amtengenezee chai. Lakshmi anasita, kwa kuwa mtu wa tabaka la kijana huyu hanywi chai iliyopikwa na mikono kama yake. Surya anajibu kwamba yeye hayajali hayo, na mtazamaji anaanza kumwona kuwa kijana wa kisasa. Saa moja baadaye usasa wake umejulikana ulikuwa wa nini. Lakshmi ana mimba, na Surya anamtaka aitoe.

Katikati ya hadithi hiyo Benegal ameweka kisa kifupi cha Rajamma, aliyemwacha mumewe na kwenda kuishi na mwanamume wa tabaka lingine. Baraza la kijiji linamwamuru arudi, bila kujali anachokitaka yeye, na haupiti muda anajiua. Watu walewale hawakuwa na neno juu ya Surya na mtumishi wake. Mwishoni, mume wa Lakshmi, aliyekuwa ameondoka kijijini, anarudi kuomba kazi, Surya kwa woga anadhani amekuja kulipiza kisasi, anamchapa. Lakshmi anamtolea Surya laana mbele ya watu wote. Mtoto mdogo aliyekuwa akitazama anaokota jiwe na kuvunja kioo cha dirisha la kabaila.

Shabana Azmi, ambaye Ankur ilikuwa filamu yake ya kwanza kuonyeshwa, alipata tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kike. Hata hivyo Lakshmi amebaki na sauti yake tu. Kitendo chenyewe kimeachiwa mtoto, yaani kizazi kijacho.

Unga wa pilipili

Ilichukua zaidi ya miaka 10 kabla ya mwanamke wa kijijini kuachiwa kitendo hicho mikononi mwake. Mirch Masala ya Ketan Mehta iliyotoka 1987 inatupeleka Gujarat, mwanzoni mwa miaka ya 1940, chini ya Waingereza. Mtoza kodi wa serikali, anayeitwa subedari, amepiga kambi nje ya kijiji na askari wake. Anachukua mbuzi, nafaka na wanawake. Siku moja anaufikia mto, farasi wanawatawanya wanawake waliokuja kuteka maji, wote wanakimbia isipokuwa Sonbai. Anasimama palepale na kumwambia mkubwa huyo kwamba wanyama wana mahali pao pa kunywa, na binadamu akitaka maji ainame akinge mikono. Subedari anakinga mikono.

Kuanzia hapo anamtaka. Sonbai anamzaba kofi, askari wanamfukuza, anakimbilia kiwanda kidogo ambamo wanawake wa kijiji hukausha na kusaga pilipili. Mlinzi, mzee Mwislamu anayeitwa Abu Mian, anafunga geti na kuapa kuwa halitafunguliwa akiwa hai.

Utaalamu wa filamu hii uko kwenye kile kinachofuata. Subedari hahitaji kuvunja geti mara moja, kwa sababu kijiji chenyewe kinamfanyia kazi. Mkuu wa kijiji anaitisha kikao cha wanaume, hoja inakuwa kwamba mwanamke mmoja atolewe ili kijiji kipone. Wanapomwomba subedari aahidi kuwa hatadai mwingine, anawadharau. Mwalimu wa shule anayepinga anaambulia kipigo. Ndani ya kiwanda nako baadhi ya wanawake wanamgeukia Sonbai, kwamba ni yeye aliyewaletea balaa. Mke wa mkuu wa kijiji, ambaye alishalaumiwa kwa kutaka binti yake asome, anawakusanya wanawake wenzake na kutoka barabarani wakigonga sahani za chuma. Wanafukuzwa na waume zao.

Geti linavunjwa, Abu Mian anauawa. Hapo wanawake wanashika vitambaa vilivyojaa unga wa pilipili na kumrushia subedari machoni, wawili wawili, kundi baada ya kundi. Zana waliyotumia ni kazi yao ya kila siku. Smita Patil, aliyemwigiza Sonbai, alifariki Desemba 1986 akiwa na miaka 31, kabla filamu haijaingia kumbini.

Ina upungufu wake. Tabaka linatajwa kwa mbali, na dhalimu mkubwa ni mtumishi wa wakoloni, jambo linalompa mtazamaji nafasi ya kudhani uovu ulitoka nje. Lakini inampima kila mwanamume wa kijiji mmoja mmoja, na karibu wote wanashindwa.

Mwenye kisa akiwa hai

Ugumu mwingine huja pale filamu inapochukua maisha ya mtu halisi. Bandit Queen ya Shekhar Kapur (1994) ni habari za Phoolan Devi, mwanamke wa jamii ya Wamallah, wavuvi na wapiga makasia wa Uttar Pradesh. Aliozwa akiwa mtoto, akatoroka, akaishia kwenye genge la majambazi, akabakwa na wanaume wa tabaka la juu la Wathakur. Februari 1981 genge lake lilivamia kijiji cha Behmai na wanaume wapatao 20, wengi wao Wathakur, wakauawa, ingawa yeye alikana kuwa aliwapiga risasi. Alijisalimisha 1983 mbele ya maelfu ya watu, akakaa gerezani miaka 11, akatoka 1994, na 1996 akachaguliwa kuwa mbunge wa Mirzapur. Aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Delhi mwaka 2001.

Seema Biswas aliigiza kwa nguvu kiasi cha kupewa tuzo ya taifa. Lakini Phoolan mwenyewe aliipinga filamu hiyo mahakamani kabla ya kufikia mapatano na kampuni iliyoigharimia. Mwandishi Arundhati Roy alihoji kwa ukali kwamba kubakwa kwa mwanamke aliye hai kumerudiwa kwenye skrini bila ridhaa yake. Hoja hiyo haijazeeka. Filamu yaweza kupinga dhuluma, na papo hapo ikamvua mwanamke heshima ileile inayodai kumrudishia.

Jag Mundhra naye, katika Bawandar (2000), alimchukua Bhanwari Devi wa kijiji cha Bhateri, Rajasthan, na kumpa jina la Sanwari. Bhanwari, wa jamii ya wafinyanzi, alikuwa ameajiriwa katika mpango wa serikali wa maendeleo ya wanawake. Mwaka 1992 alijaribu kuzuia ndoa ya mtoto mchanga, asiyefikisha hata mwaka mmoja, katika familia ya Wagujar wenye nguvu kijijini. Baada ya miezi michache alibakwa na kundi la wanaume. Alikataa kunyamaza. Mahakama ya Jaipur iliwaachia washitakiwa kwa kosa hilo mwaka 1995, na moja ya hoja za hukumu iliyoripotiwa sana ni kwamba wanaume wa tabaka la juu wasingemgusa mwanamke wa tabaka la chini. Vikundi vya wanawake vikaenda Mahakama ya Juu, vikidai kwamba Bhanwari aliumizwa kwa sababu ya kazi yake. Mwaka 1997 mahakama hiyo ikatoa miongozo ya kuzuia unyanyasaji wa kijinsia kazini, na miongozo hiyo ikawa sheria kamili 2013. Mwanamke wa ofisini Mumbai au Bengaluru analindwa leo kwa sababu ya mfinyanzi wa Rajasthan ambaye kesi yake mwenyewe haikumpa haki.

Binti wa juu, na mwokozi wa juu

Sairat ya Nagraj Manjule (2016) inaonyesha kwamba binti wa tabaka la juu naye hayuko huru. Archi ni mtoto wa mwanasiasa tajiri wa kijijini Maharashtra. Anaendesha pikipiki na trekta, na anawakemea wanaume. Uhuru huo unakoma siku anapomchagua Parshya, mtoto wa mvuvi. Nusu ya kwanza ni nyimbo na mapenzi kama filamu yoyote ya Bollywood, na Manjule, ambaye mwenyewe anatoka jamii ya chini, amefanya hivyo makusudi. Mtazamaji anazoea raha, kisha anakutana na mauaji yanayofanywa na ndugu wa damu kwa jina la heshima ya ukoo. Ilikuwa filamu ya Kimarathi iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote zilizoitangulia, jambo lililothibitisha kwamba umma unaweza kulipa kutazama tabaka likisemwa waziwazi.

Ilinganishe na Article 15 ya Anubhav Sinha (2019). Mabinti wawili wa Kidalit wamekutwa wamenyongwa mtini na wa tatu hajulikani alipo, na kosa lao lilikuwa kudai nyongeza ya rupia 3 kwa siku. Ni filamu yenye hasira ya kweli. Lakini anayetafuta ukweli, anayekasirika na anayeshinda ni ofisa wa polisi Mbrahmin aliyesoma Ulaya. Dada wa binti aliyepotea, Gaura, ndiye anayekijua kijiji na ndiye aliyepotelewa na ndugu, ila hadithi imepewa mgeni. Wakosoaji wa Kidalit walilisema hilo wazi, na walikuwa na haki.

Kamera mikononi mwao

Mabadiliko makubwa yamekuja na filamu za hali halisi. Writing with Fire ya Rintu Thomas na Sushmit Ghosh (2021) inawafuata waandishi wa Khabar Lahariya, gazeti lililoanzishwa 2002 huko Uttar Pradesh na kuendeshwa na wanawake, wengi wao Wadalit. Wakati huo linahama kutoka karatasini kwenda kwenye video za simu. Baadhi ya waandishi hawajawahi kumiliki simu ya kisasa, na wanafundishana namna ya kuishika na kurekodi.

Meera, mwandishi mkuu aliyeolewa akiwa na miaka 14, anakaa chini na mwanamke aliyebakwa mara kadhaa na wanaume wa kijijini kwake. Mume wa mwanamke huyo anaeleza jinsi polisi walivyokataa kuandikisha malalamiko. Meera anarekodi, anakwenda kituoni, na kumuuliza ofisa kwa sauti ya kawaida kabisa kwa nini hakuna jalada lililofunguliwa. Hakuna bunduki wala unga wa pilipili. Anauliza, simu inarekodi, na ofisa anababaika.

Filamu hiyo ilishinda tuzo katika tamasha la Sundance na kuwa filamu ndefu ya hali halisi ya kwanza kutoka India kuteuliwa kuwania Oscar. Siku chache kabla ya sherehe za 2022, Khabar Lahariya wenyewe walitoa tamko kwamba filamu haikuwaeleza sawasawa, kwani iliwaonyesha kana kwamba hufuatilia chama kimoja tu cha siasa. Tofauti na Rosy, wao walikuwa na chombo chao cha kujibia.

Wenye mamlaka bado wana njia zao. Santosh ya Sandhya Suri (2024) inamhusu mjane anayerithi kazi ya mumewe ya upolisi na kukutana na kesi ya binti wa Kidalit aliyeuawa na kutupwa kisimani. Ugumu wake ni kwamba mwanamke akipewa sare, naye anavutwa kutumia ukatili uleule. Uingereza iliiwasilisha kuwania Oscar. Nchini India, bodi ya ukaguzi wa filamu ilidai makato mengi mno na mwaka 2025 filamu haikuingia kumbini.

Pa kuanzia

Asiyezijua filamu hizi aanze na Mirch Masala, aende Sairat, kisha Writing with Fire. Bandit Queen si ya kutazamwa na watoto, na hata mtu mzima ajiandae. Katika kila moja tazama nani anafanya kitendo cha mwisho, na nani alishika kamera. Filamu inayompiga mwanamke saa mbili nzima ili mwanamume mwema aje kumwokoa dakika kumi za mwisho haijasimulia mapambano yake, imesimulia sifa za mwokozi. Tusiipigie makofi, itoke Mumbai au itoke kwetu.